Maswali ya wasomaji: baiskeli za ajabu za makumbusho, na ile ya babu iliyoko stoo

Toleo lililopita tuliweka picha za baiskeli za zamani zinazotunzwa kwenye makumbusho mbalimbali duniani, na barua zenu zimemiminika kweli, zingine ndefu kuliko makala yenyewe. Zote siwezi kuzijibu hapa, nimechukua zile ambazo wengi mmeuliza kitu kilekile kwa maneno tofauti. Swali la mwisho ndo lililonigusa zaidi, kwa hiyo nimeliacha liwe la mwisho.

Ile baiskeli yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, hivi ilikuwa ya sarakasi tu au watu waliipanda kweli kwenda kwenye shughuli zao? Na kwa nini mbele kubwa vile?

Waliipanda kweli kaka, na kwa miaka kama kumi na tano hivi hiyo ndo ilikuwa baiskeli yenyewe, ukisema baiskeli kila mtu anajua unasema ile. Wengi wanaicheka wakiiona, wanadhani aliyeibuni alikuwa anatafuta kuonekana, lakini ukishajua shida aliyokuwa anaitatua unaona hakuwa na namna nyingine.

Angalia pedali zake. Zimefungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, hakuna cheni, hakuna gia, yaani ukizungusha pedali mara moja na gurudumu linazunguka mara moja basi. Sasa ukitaka mzunguko mmoja wa miguu ukufikishe mbali utafanya nini? Unakuza gurudumu. Gurudumu la inchi 50, kama sentimita 127 kwenda juu, likizunguka mara moja linakusogeza karibu mita 4. Kinachokuzuia kulikuza zaidi ni urefu wa miguu yako tu, na ndo maana zilikuwa zinauzwa kwa kupima mguu wa mnunuzi kama anavyopimwa suruali, mwenye miguu mirefu ana gurudumu kubwa na ana mwendo, mfupi atajiju.

Aliyezifanya ziwe biashara kubwa ni James Starley wa Coventry kule Uingereza, yeye na William Hillman walitoa ya kwao iliyoitwa Ariel mwaka 1870. Na isingewezekana bila spoku za waya. Gurudumu la mbao la ukubwa ule lingekuwa zito kama la mkokoteni, lakini Eugène Meyer wa Paris alishaonyesha mwaka 1869 kwamba gurudumu linaweza kuning'inizwa kwa nyaya nyembamba zilizovutwa, habu, kile kitovu cha gurudumu, inashikiliwa na nyaya za juu badala ya kukalia miti ya chini. Kila ukipanda baiskeli leo umekalia wazo hilohilo.

Jina lake, penny-farthing, lilitokana na sarafu mbili za Kiingereza, penny ni kubwa na farthing ni ndogo, ukizipanga pembeni moja baada ya nyingine unapata picha yake.

Ukibahatika kusimama karibu nayo usitazame gurudumu tu, zunguka nyuma uinamie lile bomba lililopinda linaloshuka kwenye gurudumu dogo. Utaona kidude cha chuma kimetokeza, kidogo tu, kina meno. Hapo ndo pa kukanyagia. Unashika usukani kutoka nyuma, mguu mmoja kwenye kile chuma, mwingine unasukuma chini mpaka baiskeli ishike mwendo, halafu unajinyanyua mpaka kwenye siti na kutafuta pedali ambazo tayari zinazunguka. Kwenye baiskeli iliyotumika sana yale meno yanakuwa yamelika. Mimi napenda sana alama za namna hiyo, maana mtu ambaye hatumjui hata jina alikanyaga pale kila siku asubuhi.

Hatari yake ni kwamba umekaa karibu juu kabisa ya ekseli ya mbele, gurudumu likikwama kwenye jiwe mwili wote unazunguka nalo na kichwa ndo kinatangulia. Na pamoja na hayo yote kuna Thomas Stevens, aliondoka San Francisco mwezi wa nne 1884 na ya gurudumu la inchi 50, akafika Yokohama, Japani, mwezi wa kumi na mbili 1886, amezunguka dunia. Mnaniuliza iko makumbusho gani? Haipo. Kampuni ya Pope iliyoitengeneza iliitunza miaka mingi, halafu wakati wa vita vya pili vya dunia ikatolewa kama chuma chakavu. Inaniuma mpaka leo ninapoandika.

Kilichoiua penny-farthing ni cheni. John Kemp Starley, mpwa wake yule James, alitoa Rover mwaka 1885, magurudumu yanakaribiana ukubwa na cheni inavuta la nyuma, kwa hiyo meno ya gia yanafanya ile kazi iliyokuwa inafanywa na ukubwa wa gurudumu. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop akaja na mpira wa upepo, mtikisiko ukapungua, mjadala ukaisha.

Baiskeli ya kwanza kabisa ni ipi? Nilisoma mahali kwamba Leonardo da Vinci ndiye aliyeichora.

Usiamini sana hilo dada. Mchoro upo kweli, kwenye kurasa zinazoitwa Codex Atlanticus, ulitangazwa mwaka 1974 na watu wakashangilia. Lakini mtaalamu Carlo Pedretti alikuwa ameikagua karatasi hiyohiyo mwaka 1961 kwa kuiweka kwenye mwanga, akaona viduara na mistari michache tu, si baiskeli yenye pedali na cheni. Watafiti wengi wa historia ya baiskeli wanaona kuna mtu alikuja kuongezea baadaye.

Na si hiyo tu. Kuna hadithi nyingine ya mwanamwinyi wa Kifaransa aitwaye de Sivrac aliyetengeneza kigari cha magurudumu mawili kisicho na usukani mwaka 1791. Vitabu vimeirudia miaka na miaka. Kumbe ilitungwa na mwandishi mmoja Mfaransa, Baudry de Saunier, mwaka 1891, miaka mia baada ya hilo tukio lenyewe ambalo halikutokea. Kwa hiyo ukikuta kifaa cha hivyo kwenye makumbusho soma kibao chake kwa makini, makumbusho makini wataandika wazi kwamba hadithi yake ni ya kutunga.

Ya kwanza yenye ushahidi ni ya Karl Drais, Mjerumani. Tarehe 12 mwezi wa sita 1817 alitoka nayo Mannheim na akaenda kilomita 13 hivi chini ya saa moja. Ilikuwa ya mbao, ina usukani, haina pedali, unasukuma ardhi kwa miguu kama unakimbia umekaa. Pedali za gurudumu la mbele zilikuja Paris miaka ya 1860, na Pierre Lallement akaipata hataza yake Marekani mwezi wa kumi na moja 1866. Karibu miaka hamsini kati ya hapo! Kuamini kwamba mtu anaweza kunyanyua miguu yote miwili asianguke ndo ilikuwa kazi, pedali zenyewe ni rahisi.

Wewe binafsi, ya ajabu kuliko zote ni ipi?

Dursley Pedersen, sihitaji kufikiri mara mbili. Mikael Pedersen alikuwa Mdenmark aliyehamia Dursley, Uingereza, na tatizo lake lilikuwa moja tu, siti zinamuumiza. Basi akabuni siti ya kamba zilizosukwa, inaning'inia kama machela kati ya ncha mbili, halafu sasa akakuta hakuna fremu ya baiskeli inayoweza kuishika siti ya hivyo. Mtu mwingine angeiacha. Yeye akabuni fremu nzima upya kuizunguka siti yake, mabomba membamba membamba yamepangwa pembetatu kila mahali kama daraja la reli, na hataza yake ni ya mwaka 1893. Ukiitazama kwa mbali unaona kama utando. Ukisogea ndo unaona hakuna bomba hata moja la mapambo, kila moja limewekwa pale kwa sababu kuna uzito unapita. Wapo mafundi wanaozitengeneza mpaka sasa.

Nyingine naipenda kwa sababu ilishindwa. Itera ya Sweden, 1982, fremu ya plastiki, magurudumu plastiki, ilikuwa inauzwa kwenye boksi ukaifunge mwenyewe nyumbani. Wazo lilikuwa zuri tu, haishiki kutu, haihitaji rangi, lakini plastiki ile ilikuwa inapinda ukikanyaga kwa nguvu na watu hawakuiamini, zikatengenezwa kama 30,000 na mwaka 1985 ikaishia hapo. Leo makumbusho wanaitafuta. Mimi nasema ni sawa kabisa, ukiweka zilizofaulu tu unamdanganya mtazamaji kwamba njia ilikuwa moja na imenyooka.

Halafu kuna Oriten ya kampuni ya Waltham kule Marekani, 1896, ya watu kumi wamekaa mstari mmoja, urefu kama mita 7. Na ile ya Graeme Obree wa Uskochi aliyoiunga mwenyewe, ndani yake ameweka bearingi ya mashine ya kufulia nguo, mwezi wa saba 1993 akavunja nayo rekodi ya dunia ya saa moja, yaani umbali unaoendesha ndani ya saa moja, kilomita 51.596. Siku sita tu baadaye Chris Boardman akaivunja, lakini nani anakumbuka bearingi za Boardman zilitoka wapi?

Za mizigo na za vita nazo zimo makumbusho, au ni za matajiri na mashindano tu?

Zimo, na kwangu hizo ndo zenye uzito. Kule Vietnam wanazo baiskeli zilizopeleka chakula na risasi kwenye vita vya Dien Bien Phu mwaka 1954. Hazikuwa za kupanda. Waliongeza fito ya mwanzi kwenye usukani ili mtu atembee pembeni huku anaelekeza, fito nyingine ya kusukumia ikasimamishwa nyuma ya siti, fremu ikaimarishwa, na mzigo ukafungwa pande zote mbili. Zaidi ya kilo 200 kwa baiskeli moja, zipo zilizovuka 300, milimani, usiku. Baiskeli ileile ya kawaida, imeongezwa miti miwili na kuimarishwa tu.

Upande mwingine kuna BSA ya kukunja waliyopewa askari wa miavuli wa Uingereza kwenye vita vya pili vya dunia. Unalegeza nati mbili zenye mabawa kwa vidole, bila spana, fremu inajikunja katikati. Ukizitazama zile nati unaelewa zimefanywa kwa ajili ya mtu mwenye haraka, gizani.

Kwa nini kwenye picha zenu baiskeli nyingi zimeinuliwa juu au zimening'inizwa? Ni urembo?

Hapana, ni mpira. Baiskeli ikikaa imesimama sehemu moja miaka mingi, pale tairi inapogusa chini inabonyea, inakauka, inapasuka. Tairi za zamani hazipatikani tena, kwa hiyo wanaiweka kwenye stendi uzito usiguse chini.

Nilitembelea makumbusho moja nikakuta kabati zima la vibati, taa, beji na kofia chakavu. Hivi vitu vidogo vina maana gani wakati baiskeli zenyewe zipo?

Nakuelewa, hata mimi zamani nilikuwa napita hilo kabati haraka nikimbilie baiskeli. Sasa naanzia hapo.

Chukua kibati kimoja. Uholanzi kuanzia 1924 mpaka 1941 kila mwenye baiskeli alilipa kodi, na akishalipa anapewa kibati cha shaba chenye mwaka wake, ni kidogo kinaenea kwenye kiganja, anakifunga mbele ya usukani. Asiye na kazi aliweza kupewa bure. Lakini kibati chake kilitobolewa tundu. Tundu la mviringo, safi, katikati ya shaba. Yaani ukipita barabarani kila mtu anaona huyu hana kazi. Baiskeli yenyewe, hata ikitunzwa vizuri namna gani, haiwezi kukwambia habari hiyo, kile kibati chenye tundu ndo kinakwambia, na hakihitaji hata maelezo mengi pembeni.

Au taa ya kabaidi. Ina vyumba viwili, cha juu maji na cha chini mawe ya kabaidi, kuna skrubu ndogo juu unaizungusha maji yadondoke tone tone, yakigusa kabaidi inatoka gesi ya asetilini unaiwasha kiberiti. Maji yakidondoka mengi moto unaruka juu, yakipungua unazimika. Mtu alikuwa anaendesha usiku huku mkono mmoja unarekebisha skrubu. Kwenye taa iliyotumika ile skrubu ina mng'aro wa vidole.

Na kuna vitu ambavyo thamani yake si ufundi hata kidogo. Kule Italia, kaskazini juu ya ziwa Como, kuna kikanisa cha Madonna del Ghisallo, yaani Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye papa Pius XII alimtangaza kuwa mlinzi wa waendesha baiskeli mwaka 1949. Ndani kuta zimejaa jezi na baiskeli za mabingwa, na imo baiskeli ya Fabio Casartelli, bingwa wa Olimpiki wa 1992, aliyefariki kwenye Tour de France tarehe 18 mwezi wa saba 1995 baada ya kuanguka akiteremka mlima. Haijanyooshwa. Waendesha baiskeli wanapanda mlima ule kwa jasho, wanavua kofia, wanaingia, wanasimama mbele yake dakika moja mbili, wanatoka kimya. Makumbusho kamili yamejengwa pembeni ya kikanisa, na ni mazuri, lakini watu wanaanzia kikanisani.

Kama hupendi kulipa kiingilio, baiskeli aliyotumia Eddy Merckx, yule bingwa wa Ubelgiji, kuweka rekodi ya saa moja Mexico City mwaka 1972, kilomita 49.431, iko Brussels kwenye stesheni ya metro yenye jina lake, ndani ya kioo, abiria wanaipita kila siku wakiwahi kazini.

Babu yetu amefariki, ameacha baiskeli ya zamani sana stoo. Ina kutu, rangi imebanduka, siti imechanika. Ndugu zangu wanataka tuisugue kwa msasa, tuipake rangi mpya, tuiweke sebuleni ing'ae. Mimi moyo unasita. Watu wa makumbusho wangefanya nini?

Poleni sana na msiba. Na huo moyo wako unaosita uusikilize.

Watu wa makumbusho wasingeigusa kwa msasa. Chini ya ile kutu na uchafu kuna rangi ya kwanza, kuna mistari myembamba ya dhahabu iliyochorwa kwa mkono na fundi, kuna maandishi ya kiwandani, na ukishapitisha msasa mara moja vimeondoka, hakuna duka utakaloenda kununua tena. Mimi nilishawahi kufanya kosa hilo. Nilipewa taa ya zamani, nikaisugua siku nzima mpaka ikawaka kama kioo, halafu ndo nikajua kwamba yale makwaruzo niliyoyafuta pembeni yalikuwa herufi za jina la mwenyewe aliyeyakwangua kwa msumari. Nimebaki na taa nzuri isiyo na mtu.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote piga picha, kila upande, hapohapo stoo ilipo, pamoja na vumbi lake. Piga karibu kwenye siti ilivyobonyea, mara nyingi inabonyea upande mmoja zaidi, huo ni mwili wa babu. Piga kwenye keria ilipolika kwa kamba za mizigo. Kama kuna mahali kachomelea au kafunga waya, usiutoe ule waya! Hiyo ni akili yake na mikono yake.

Halafu ipindue taratibu utafute namba chini ya fremu pale pedali zinapopita, au karibu na bomba la siti, na mbele chini ya usukani tafuta beji. Hivyo viwili vinaweza kukupa kiwanda na miaka. Tazama pia vile vyuma vinavyong'aa, kama mng'aro una unjano kidogo inawezekana ni nikeli, na kama ni weupe wa bluubluu ni kromu ambayo ilienea kuanzia miaka ya 1930 hivi. Usiapie hiyo peke yake lakini, vyuma vilikuwa vinabadilishwa, na babu mwenye baiskeli miaka arobaini amebadilisha vingi.

Kusafisha: brashi laini kavu kwanza, uchukue muda. Baadaye kitambaa chenye unyevu kidogo sana, na papo hapo kikavu. Usiimwagie maji, usipeleke kwenye presha ya kuoshea magari. Kutu inayobanduka kama unga ipanguse, ile iliyoshika iache, pitisha nta nyembamba ya kuzuia hewa. Cheni tone la mafuta. Siti ya ngozi usiilowanishe mafuta hata kidogo, inalainika halafu inachanika yote, iache na mpasuko wake. Tairi kama zimekufa na mnataka kuipanda weka mpya, ila za zamani zihifadhi, na iweke baiskeli pakavu, imeinuliwa, mbali na jua la dirishani.

Kwa ndugu zako wanaotaka ing'ae, waambie mkae naye bibi au mzee yeyote aliyemjua babu, mkiwa na baiskeli mbele yenu, na mtu mmoja anarekodi kwa simu. Aliinunua lini, kwa hela ya nini, alimbeba nani hospitali usiku, nani alifundishwa kuendesha kwenye hiyohiyo akaanguka. Hayo yaandike kwa penseli kwenye karatasi ngumu, si kwa kalamu maana wino unafifia na unasambaa, uweke jina kamili la babu na tarehe ya leo, halafu uifunge kwenye fremu kwa uzi wa pamba. Usitumie selotepu, gundi yake inakula rangi.